Toka Kwenye Sampuli: Mwongozo wa Kutafuta Masta Ukiwa Bumbire

Mtu wa Bumbire, kisiwa cha Muleba ndani ya Ziwa Viktoria, hahitaji kufundishwa maana ya utafiti. Ameshatafitiwa.

Aprili 28, 1875, Henry Morton Stanley alifika kisiwani na mashua yake, Lady Alice, akiwa na mabaharia wachache na njaa kali. Alikuwa na wafadhili wawili kwa mpigo, bahati ambayo waombaji wengi wa leo hawaipati: gazeti la New York Herald na gazeti la Daily Telegraph la London. Hakuwa na kibali, wala barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kata, wala fomu ya ridhaa ya mhojiwa. Wenyeji waliivuta mashua nchi kavu na kuchukua makasia, ambayo kwa lugha ya kitaaluma ni kukataa kushiriki. Mwezi Agosti mtafiti alirudi na mitumbwi iliyojaa watu wenye mikuki na bunduki, akawamiminia risasi waliosimama ufukweni. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, waliuawa 33 na kujeruhiwa 100. Mwaka 1878 kitabu chake kilitoka London katika juzuu mbili nene. Bumbire haikuletewa nakala.

Waliofuata walikuwa na adabu zaidi, na bunduki hawakubeba. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alisikiliza wazee wa Katuruka, Bukoba Vijijini, wakamwonyesha pa kuchimba, na dunia ikajua kwamba Wahaya walifua chuma miaka elfu mbili iliyopita. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu, Kagera, na nyuma ya msiba huo yakaja madodoso. Kuanzia 1991 hadi 1994 Benki ya Dunia na Muhimbili walihoji kaya zaidi ya 800 za mkoa huu, wakarudi kwa watu wale wale tena na tena. Mwaka 2004 na 2010 watafiti waliwafuata hata waliohamia Dar es Salaam na Uganda. Wapo Wahaya ambao ndugu zao hawajui waliko, lakini kanzidata inajua.

Hivyo shahada zimetoka nyingi katika migomba na mialo yetu, isipokuwa zimekwenda kutundikwa kwenye kuta za watu wengine. Mwongozo huu ni kwa ajili yako, mwalimu wa sekondari ya kata, muuguzi wa zahanati, afisa uvuvi, au mhitimu ambaye ajira haijatoka na sasa unaandika ndoo za dagaa mwaloni. Umechoka kuwa mhojiwa. Unataka kushika dodoso mwenyewe. Fuata hatua zifuatazo bila kuruka hata moja, kwa sababu ukiruka moja utaambiwa uanze upya.

HATUA YA KWANZA: TAFUTA SABABU INAYOSEMEKA

Sababu za kweli za kutaka masta zinajulikana. Mwenzako mliyesoma naye ameshamaliza. Mkuu wako wa kazi ana masta na anakukumbusha kila kikao. Mkwe amekuuliza mara mbili kama umeishia hapo. Na zaidi ya yote, wewe ni Mhaya, na katika nchi hii watu wameshaamua kwamba Mhaya asiyeongeza shahada ni mgonjwa.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayoandikwa kwenye fomu. Kwenye fomu andika kwamba unataka kuchangia maendeleo endelevu ya jamii yako. Neno "endelevu" liingie angalau mara tatu. Ukiweza kuliweka karibu na "ubunifu" na "tabianchi", sentensi itakuwa haisemi kitu, nawe utakuwa umeanza kuandika kisomi.

Tahadhari moja ni ya kweli kabisa. Kama ndoto yako ni kuwa mhadhiri, toa transkripti yako ya shahada ya kwanza uiangalie mchana kweupe. Viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, vinataka GPA ya 3.8 katika shahada ya kwanza ili uanze kama mkufunzi msaidizi, na 4.0 katika uzamili ili uwe mhadhiri msaidizi. Kusoma masta yenyewe, vyuo vingi hupokea kuanzia 2.7 katika mizani ya 5.0. Kati ya 2.7 na 3.8 ndipo wanapoishi Watanzania wengi wenye masta ambao hawafundishi chuo chochote. Ni watu wazuri, wana matumizi mazuri ya neno "endelevu", na ni vema ukawajua mapema.

HATUA YA PILI: THIBITISHA KWAMBA WEWE NI WEWE

Panga vyeti vyako mezani. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rwegasira. Cha kidato cha nne kinasema Lwegasira. Cha kidato cha sita kimerudi kwenye Rwegasira lakini kimelimeza jina la kati. Kitambulisho cha NIDA kina Rwegasila, na tarehe ya kuzaliwa inayokufanya uwe umeanza darasa la kwanza ukiwa na miaka mitatu. Kama u mwanamke uliyeolewa katikati ya safari, ongeza jina la mume kwenye baadhi ya karatasi na uliondoe kwenye nyingine.

Usimlaumu karani. Kisiwa chenyewe kinaandikwa Bumbire kwenye barua hii na Bumbile kwenye barua ile, na Stanley aliongeza herufi h mwishoni kwa utashi wake. Mtu aliyetoka mahali penye tahajia tatu atawezaje kuwa na moja?

Dawa ni hati ya kiapo. Vuka maji, nenda kwa wakili Muleba mjini au Bukoba, uape mbele yake kwamba Rwegasira, Lwegasira na Rwegasila ni mtu mmoja, na kwamba mtu huyo ni wewe. Utalipa, utagongewa muhuri. Ni siku pekee katika maisha yako ambayo serikali itakuwa na maandishi kwamba hujagawanyika.

HATUA YA TATU: CHAGUA CHUO

Utasikia wazee wakisema siku hizi mambo ni rahisi, kuna mfumo wa pamoja. Mfumo huo wa TCU ulianza 2010 kwa waombaji wa shahada ya kwanza, ukaondolewa 2017. Kwa uzamili unaomba chuo chenyewe, kila kimoja na tovuti yake, nywila yake na ada yake ya maombi isiyorudishwa. Chaguo zako ni hizi.

Chuo Kikuu Huria. Kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama wewe, walio kazini na walio mbali, na kina kituo Bukoba. Kasoro yake ni kwamba walioandika neno "mbali" walikuwa wanafikiria barabara. Hawakufikiria mtumbwi, upepo wa kusi, na injini ya farasi arobaini iliyogoma karibu na Iroba siku ya mtihani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kikuu kamili 1970. Kutoka Bukoba ni kama kilomita 1,400 kwa basi, safari ambayo yenyewe ingefaa kuhesabiwa alama. Chuo hicho kilianza kujenga tawi Kagera kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET. Kama kawaida yetu, tumeanza kuliita "chuo chetu" tangu waliposafisha kiwanja, na wapo wanaojitambulisha kuwa wahitimu wake.

Mtakatifu Augustino, Mwanza. Unapanda MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, unalala, unaamka umefika. Ni njia nzuri ya kwenda shule kwa mtu wa ziwa. Ubaya wake ni kwamba Mwanza wapo ndugu zako wengi, na kila mmoja anaamini umekuja kulea watoto wake.

Makerere. Tangu 1922 ipo palepale, na kutoka Bukoba hadi Kampala ni kama kilomita 300 tu kupitia Mutukula. Hapa uwe mwangalifu na wazee. Mzee aliyesoma Makerere zamani atakueleza kwamba elimu ilikufa mwaka aliohitimu yeye. Msikilize, itikia "waitu", kisha muulize kama bado ana cheti. Mara nyingi anacho, kwenye fremu.

Ng'ambo. Hapa pana ufadhili, na ufadhili una masharti yanayoonekana kuandikwa na mtu anayekufahamu. Chevening ya Uingereza inataka uwe umefanya kazi kwa saa 2,800. Ndoo za dagaa ulizoandika mwaloni zinaweza kuhesabiwa, mradi uzitaje kama "usimamizi wa mnyororo wa thamani". DAAD ya Ujerumani kwa kawaida haitaki shahada yako ya mwisho iwe imezidi miaka sita. Na karibu wote watataka mtihani wa Kiingereza. Haijalishi kwamba kuanzia kidato cha kwanza hadi shahada umejibu kila mtihani kwa Kiingereza, ukiacha ule wa Kiswahili. Matokeo ya IELTS hudumu miaka miwili, na baada ya hapo Kiingereza chako huhesabiwa kuwa kimechacha. Kwa Mtanzania mwingine huu ni usumbufu. Kwa Mhaya ni tusi.

HATUA YA NNE: FEDHA

Historia ina mtu wa Muleba aliyepata ufadhili kamili bila kujaza fomu mtandaoni. Laurean Rugambwa, wa kule Rutabo, alipelekwa na Kanisa Roma mwishoni mwa miaka ya 1940, akarudi na udaktari wa sheria za Kanisa, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Njia hiyo bado ipo wazi, ila ina masharti yake kuhusu kuoa.

Kwa waliobaki kuna Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi 2005. Unaijua, nayo inakujua. Sehemu kubwa ya fedha zake huenda kwa wanaosoma shahada ya kwanza. Kwako wewe imebaki na jukumu moja la kila mwezi: kukata asilimia 15 ya mshahara, kiwango kilichopandishwa mwaka 2016, kwa ajili ya shahada uliyokwisha kuisahau. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni ilifutwa 2021, Rais Samia akitangaza siku ya Mei Mosi pale Mwanza, na tulishangilia hata tusiokuwa tumeajiriwa. Lakini bumu, ile posho ya mwanafunzi, ndugu yangu, lisahau. Bumu lilikuwa ujana.

Anabaki mjomba. Mjomba ana mitumbwi miwili ya dagaa, na mwaka wa masomo wa mjomba hauanzi Oktoba. Unafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi mbalamwezi ikiwaka. Kwa hiyo mjomba ana fedha mwishoni mwa giza, na hana hata nauli mbalamwezi ikikomaa. Weka kalenda ya chuo upande mmoja na ya mwezi upande wa pili, utafute siku ambayo muda wa mwisho wa kulipa ada umeangukia mwishoni mwa giza. Kama hakuna, uza mabondo ya sangara. Kama huna mabondo, rudi hatua ya kwanza, utafute sababu ya bei nafuu.

Ukiwa mtumishi wa umma, kuna fedha nyingine usiyoiona: mshahara wako wakati upo masomoni. Ili uendelee kuupata unahitaji ruhusa ya mwajiri, na ruhusa inahitaji jina lako liwemo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mpango huo huandaliwa na mtu ambaye kila ukifika Muleba yupo semina. Usikate tamaa. Mtu aliye semina kila wiki ni ushahidi kwamba serikali inathamini mafunzo.

HATUA YA TANO: BARUA ZA WAHADHIRI

Kila chuo kinataka watu wawili au watatu wa kukushuhudia kitaaluma. Watafute waliokufundisha. Walikufundisha katika ukumbi wa watu mia nne, ulikuwa unakaa nyuma karibu na mlango, na mara ya mwisho mlipoonana ana kwa ana ulikuwa unaomba sapu isahihishwe upya.

Piga simu. Anza kwa salamu ndefu, umuulize hali ya familia. Jitambulishe kwa mwaka, kozi, na tukio: "Shikamoo Profesa, mimi ni yule aliyetoka visiwani, wa ule mwaka wa mgomo." Atasema anakukumbuka vizuri sana. Hakukumbuki. Kisha atakwambia uandike mwenyewe barua, umtumie, aipitie na kuisaini.

Hapo ndipo tabia ya mtu hujulikana. Mwombaji wa kawaida hujiandikia kwamba ni mwenye bidii. Mwombaji kutoka Kagera hujiandikia kwamba katika miaka thelathini ya kufundisha, mwandishi wa barua hajapata kukutana na akili ya namna hiyo. Punguza. Sema kumi na tano.

HATUA YA SITA: ANDIKO LA UTAFITI

Sasa ukae uandike unachotaka kuchunguza. Kichwa kina kanuni yake, na ukiivunja hutaeleweka: "Mchango wa kitu fulani katika kitu kingine: Mfano wa Kisiwa cha Bumbire, Wilaya ya Muleba." Nafasi zilizo wazi jaza baadaye.

Ugumu wa mtu wa kisiwani ni kwamba majibu anayo. Unajua kwa nini dagaa wa msimu wa mvua wanaoza: wanaanikwa mchangani, jua halipo, na chanja hazitoshi. Unajua kwa nini watoto wa darasa la saba hupungua sangara wakipatikana. Unajua nani anauza nyavu haramu, na anakaa nyumba ipi. Yote haya ni hatari katika andiko. Ukisema unayajua, utaulizwa sasa unatafiti nini. Jifanye huyajui. Andika kwamba kuna "pengo la maarifa", na pengo hilo uliweke palepale ulipozaliwa.

Pili, unachokijua tangu utotoni hakihesabiki mpaka apatikane mtu aliyekiandika ng'ambo. Habari njema ni kwamba karibu kila mara yupo. Bengt Sundkler, Msweden aliyekuwa askofu wa Kilutheri Bukoba kuanzia 1961 hadi 1964 na profesa huko Uppsala, aliandika kitabu kizima kuhusu Wakristo wa Buhaya. Kwa hiyo bibi yako akikueleza jinsi watu wa kwenu walivyobatizwa, hiyo ni "masimulizi". Sundkler akieleza habari ileile, aliyoambiwa na akina bibi yako, hiyo ni "rejea". Mnukuu Sundkler. Bibi mletee sukari.

Tatu, weka nadharia. Nadharia nzuri ni ile ambayo jina la mwasisi wake halitamkiki kwa urahisi. Iweke sura ya pili, usiiguse tena hadi hitimisho, ambako utasema matokeo yameithibitisha.

HATUA YA SABA: KUTUMA

Vyeti lazima viskaniwe. Stesheneri ipo ng'ambo ya maji. Mwenye stesheneri ataskani kwa ustadi, na mfumo wa chuo utakataa kwa sababu faili ni kubwa. Ataipunguza, na mfumo utakataa kwa sababu haisomeki. Picha ya pasipoti iwe na mandhari ya bluu. Yako ina mandhari ya ziwa, ambalo pia ni bluu, lakini usijaribu.

Ukifaulu kupakia vyote utapewa kontroo namba. Namba hiyo ina muda wake wa kuishi, na muda huo huisha pale salio lako la simu linapofika. Mtandao ukikata, panda mlimani. Utawakuta huko wengine wanaofuatilia bei ya sangara, mmoja anayezungumza na mchumba wa Geita, na mwalimu mwenzako aliyekuambia hana mpango wa kusoma. Msiulizane maswali.

Ombi moja la dhati: usisubiri siku ya mwisho. Siku ya mwisho nchi nzima ipo kwenye mfumo, na mfumo unajua.

HATUA YA NANE: BARUA YA UDAHILI NA HATARI ZAKE

Barua ikitoka, jina lako limekwisha. Kuanzia asubuhi hiyo wewe ni Profesa. Baba mdogo atakuita kutoka mwaloni.

"Profesa! Umefaulu?"

"Bado, tata. Nimepokelewa tu."

"Kuna tofauti gani?"

Usijaribu kueleza tofauti. Kukataa cheo kutaonekana ni majivuno, na majivuno ni kitu ambacho wengine nchini wanatusingizia bila kukoma. Pokea kwa unyenyekevu, na ikibidi zungumza Kiingereza kidogo ili kuwatuliza.

Hatari nyingine ni kamati. Ndugu wataunda kamati ya kukusomesha, yenye mwenyekiti, katibu na mhazini. Kikao cha kwanza kitakula kuku. Cha pili kitakula kuku na kunywa lubisi. Cha tatu kitasoma mapato na matumizi, na utagundua unadaiwa.

HATUA YA TISA: USAJILI

Una wiki chache za kuripoti, na atakayechelewa hulipa faini au huahirisha mwaka. Beba vyeti halisi, nakala zilizothibitishwa, ile hati ya kiapo, stakabadhi ya ada, picha, bima ya afya, na fomu ya uchunguzi wa afya iliyosainiwa na daktari. Fomu inauliza kama una kichocho. Ni swali la haki kwa mtu wa Ziwa Viktoria. Jibu kwa kupima, usijibu kwa kukumbuka.

Ofisini utapanga foleni, na ukifika dirishani utaambiwa foleni yako ni ile. Hii si dharau. Ni somo la kwanza la mbinu za utafiti: sampuli nasibu. Ukishasajiliwa utapewa kitambulisho ambacho jina lako litakuwa na tahajia ya nne. Kitunze. Utakihitaji wakati wa kuomba uzamivu.

HATUA YA KUMI: KURUDI NYUMBANI NA DODOSO

Baada ya masomo ya darasani utarudi Bumbire kukusanya data, na sasa utajua kwa nini Stanley alitumia njia ya mkato. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Bukoba. Bukoba wanaandika kwenda Muleba. Muleba wanaandika kwa mtendaji wa kata, wa kata kwa mtendaji wa kijiji, wa kijiji kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti anakupeleka kwa viongozi wa BMU wanaosimamia mwalo. Kiongozi wa BMU ni mjomba. Atasoma barua zote hadi chini, ataangalia mihuri, kisha atasema, "Kumbe ni wewe."

Usije wakati wa giza. Watafiti kutoka mijini hufika siku za giza, saa nne asubuhi, na kuandika kwamba wavuvi wa dagaa hulala mchana. Walikuwa ziwani usiku kucha. Njoo mbalamwezi, watu wana nafasi na wanashona nyavu. Hiki ni kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha mbinu za utafiti, na kitakuokolea mwezi mzima.

Mhojiwa wako wa kwanza atakuwa mama mkubwa.

"Una umri gani, mama?"

"Hujui?"

"Najua, lakini lazima niulize."

"Basi andika unaoujua."

"Kaya yako ina watu wangapi?"

"Wewe ukiwemo au ukitolewa?"

Atajibu yote, maana anakupenda. Atakupa na ndizi. Halafu atauliza swali ambalo halimo kwenye dodoso: yule mtoto wa kike aliyekuja mwaka juzi na karatasi kama hizi, aliyesema majibu yatatusaidia, amefikia wapi? Huna jibu. Umeshafundishwa kuandika "shukrani kwa wahojiwa" ukurasa wa nne, na hukuwahi kufikiri kwamba wahojiwa wangependa kuusoma.

HITIMISHO NA MAPENDEKEZO

Kejeli iishie hapo, kwa sababu jambo lenyewe linawezekana, na limeshafanyika. Mugyabuso Mulokozi, Mhaya, aliichukua enanga, ala ya nyuzi ambayo wazee wa kwetu waliipiga wakiimba tendi kwenye vilabu vya lubisi, akaiandikia tasnifu ya uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, akithibitisha kwamba tendi za watu wake ni tendi kamili kama za taifa lolote. Hakuhitaji kujifanya hajui. Alichokijua tangu nyumbani ndicho kilichomwezesha kusikia yale ambayo mgeni angepitiwa nayo.

Masta haitakupandisha cheo kesho. Bodi itaendelea kukata asilimia 15. Mkwe atauliza kuhusu uzamivu. Lakini kisiwa chenye walimu, wauguzi na wavuvi wanaojua kuuliza swali, kuhesabu jibu na kuliandika bila kusubiri mgeni, ni kisiwa ambacho mwenye madaraka akikidanganya kitamjibu kwa takwimu.

Basi skani vyeti sasa, dirisha la maombi likiwa bado limefungwa. Omba vyuo viwili, usiombe kimoja. Na tasnifu yako ikishagongwa muhuri, andika muhtasari wa Kiswahili wa kurasa kumi, upeleke nakala moja ofisi ya kijiji, moja shuleni, moja kwa BMU, na moja kwa mama mkubwa. Mtafiti ajaye akishuka kwenye mtumbwi na dodoso lake, apewe hiyo kwanza aisome. Akinukuu bila kukutaja jina, mshitaki.